Diski ya Chumba cha Pili

Mashine pepe haijui kwamba ni pepe. Inapowashwa hukagua vifaa vyake kama kompyuta nyingine yoyote: kichakataji kipo, kumbukumbu ipo, kadi ya mtandao ipo, na diski nayo ipo, gigabaiti 40 tupu zinazosubiri kuandikwa. Kumbe diski hiyo ni faili tu, au kipande kilichomegwa kutoka diski kubwa, na mara nyingi haimo hata ndani ya seva inayoiendesha mashine yenyewe. Iko kwenye kabati jingine, pengine chumba cha pili, na kila kinachoandikwa hupita kwenye kebo na swichi moja au mbili kabla ya kufika.

Kiini macho hiki kina umri mkubwa kuliko mafundi wengi wanaokisimamia leo. IBM ilipotangaza VM/370 mwaka 1972, baada ya miaka kadhaa ya majaribio katika kituo chake cha Cambridge, Massachusetts, kila mtumiaji alipata kompyuta yake ya kudhaniwa pamoja na diski yake ndogo, ambayo kwa kweli ilikuwa silinda chache zilizotengwa kwenye diski ya mashine kuu. Tofauti na leo ni kwamba diski hiyo ya kweli ilikuwa hapo hapo, imeunganishwa na mashine moja kwa moja. Hakukuwa na mtandao katikati.

Diski iliyomo ndani ya seva, kwa kawaida, ina hali mbili: inajibu, au imekufa. Diski ya mtandao ina hali ya tatu, na hiyo ndiyo inayowakosesha mafundi usingizi. Inanyamaza. Haijakataa wala haijakubali. Labda imekufa kweli. Labda swichi inajiwasha upya. Labda kuna mtu kachomoa waya akitafuta pa kuchajia simu. Ukizitazama kwa makini karibu sehemu zote za usanidi wa diski za aina hii, utakuta zinajibu swali lile lile: kimya kikitokea nani asubiri, asubiri kwa muda gani, na nani ana mamlaka ya kutangaza kwamba mwenzake amefariki.

Kwa nini basi watu waliitoa diski ndani ya seva, ilikokuwa salama? Sababu kubwa ilikuja mwaka 2003, kampuni ya VMware ilipotoa VMotion, uwezo wa kuhamisha mashine pepe kutoka seva moja kwenda nyingine bila kuizima. Kinachohama ni yaliyomo kwenye kumbukumbu. Diski haisogei, kwa sababu seva zote mbili zinaiona. Faida ya pili ni ya dharura: ubao mama wa seva ukiungua saa 8 usiku, mashine zake huwashwa kwenye seva jirani ndani ya dakika chache, kwa kuwa data haikuungua pamoja nao. Aliyewahi kukesha akirejesha chelezo kutoka diski ya nje haambiwi mara mbili.

Njia za kuifikia diski ya mbali ni nyingi, lakini ofisi ya kawaida hukutana na mbili. Ya kwanza ni NFS, iliyozaliwa Sun Microsystems mwaka 1984. Hapa seva ya hifadhi ndiyo inayojua faili ni nini. Mteja huomba tu faili fulani, kuanzia baiti fulani. Haipavaiza, ile programu inayoigawa kompyuta moja ya kweli kuwa nyingi, huhifadhi diski ya kila mashine pepe kama faili moja kubwa humo. Ya pili ni iSCSI, iliyopata maelezo yake rasmi Aprili 2004 katika waraka RFC 3720. Hii huchukua amri za SCSI, lugha ambayo diski zimekuwa zikiielewa tangu miaka ya 1980, ikazifunga ndani ya TCP/IP na kuzipitisha kwenye mtandao wa kawaida, mlango namba 3260. Seva ya hifadhi haijui lolote kuhusu faili. Inatoa bloku tupu, na mteja ndiye anayezipangia mfumo wa faili. Ipo pia Fibre Channel, yenye kadi na swichi zake maalumu na bei zake maalumu. Mabenki yanaijua.

Wengi huchagua iSCSI kwa sababu inaonekana ya kitaalamu zaidi. Kwa seva mbili tatu zenye mashine pepe kumi na kitu, NFS inatosha, na makosa yake ni rahisi kuyaona. iSCSI ina mtego mmoja ambao umewaliza watu wengi. Fundi hutengeneza diski moja, akaiunganisha kwenye seva mbili, akaiwekea mfumo wa faili wa ext4, na kushangilia kuona seva zote zinaifungua. Siku mbili baadaye mafaili yameanza kuoza. Ext4 imetengenezwa ikiamini kwamba iko peke yake. Kila seva hubaki na picha ya diski katika kumbukumbu yake na kuandika kwa kuifuata picha hiyo, sawa na makarani wawili wanaojaza daftari moja la mauzo, kila mmoja akikumbuka ukurasa ulivyokuwa asubuhi bila kutazama mwenzake kaandika nini. Itifaki yenyewe haiwazuii. Kwake zote ni amri halali. Ndiyo maana ipo mifumo ya faili iliyojengwa kwa ajili ya wengi, kama VMFS ya VMware, au OCFS2 na GFS2 kwenye Linux, ambayo huweka kufuli kabla ya kuandika.

Ulinzi wa kwanza ni orodha ya majina. Kila upande wa iSCSI hubeba jina refu la mtindo huu: iqn.2015-03.com.example:seva1. Ndani yake mna mwaka na mwezi ambao mwenye jina alimiliki anwani ile ya intaneti, kisha anwani yenyewe ikiwa imegeuzwa, kisha chochote anachopenda. Seva ya hifadhi huandikiwa jina gani linaruhusiwa kuona diski gani, na ikibidi huwekewa na nywila kwa utaratibu wa CHAP. Tatizo linaloibuka kila mwaka ni la seva zilizonakiliwa kutoka seva mama. Nakala zote hutoka na jina moja, kwa kuwa jina limo kwenye faili /etc/iscsi/initiatorname.iscsi, na seva ya hifadhi hudhani ni mtu mmoja anayepiga hodi kupitia milango miwili.

Halafu huja mtandao wenyewe. Kebo ya gigabiti 1 kwa sekunde haipitishi zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde, na mashine 20 zinaigawana. Lakini mara nyingi kinachozidiwa mwanzo si kebo. Diski ya sumaku inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hufanya mizunguko 120 kwa sekunde, yaani milisekunde 8.3 kwa kila mzunguko. Kwa wastani data inayotafutwa iko nusu mzunguko mbele, kwa hiyo milisekunde 4 na ushei hupotea kwa kusubiri tu, kabla ya kuhesabu muda wa mkono wa diski kusogea. Diski ya namna hiyo humudu maombi mia moja hivi kwa sekunde, yakiwa yametawanyika. Nayo lazima yatawanyike: hata kila mashine pepe ikiandika kwa mpangilio mzuri, maandiko ya mashine 20 yakikutana kwenye diski moja huwa vurugu. Diski za SSD zimepunguza sana maumivu haya, na ofisi yenye fedha kidogo ya kutumia hufanya vizuri kuanza na hizo kabla ya kununua swichi ya bei mbaya.

Kuhusu umbali hakuna wa kujadiliana naye. Mwanga ndani ya nyuzi za fiba husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Cape Town, ambako Amazon ilifungua vituo vyake vya Afrika mwaka 2020, ni kama kilomita 3,700 kwa mstari ulionyooka, na kebo ya baharini hainyooki. Kwenda na kurudi ni milisekunde 37 kwa uchache, mara tisa ya ule muda wa diski kusubiri nusu mzunguko. Hifadhidata inayosubiri jibu la kila muamala kwa njia hiyo haiwezi kumaliza miamala 30 kwa sekunde ikiwa inaifanya mmoja mmoja. Ndiyo maana mtu anaweza kukodi mashine ya Cape Town na diski yake ikakaa huko huko Cape Town, lakini hawezi kuweka mashine Dar na diski yake Cape Town akapata kitu kinachofanya kazi.

Kipengele kinachopendwa kubadilishwa haraka ni ukubwa wa fremu. Kwa kawaida fremu ya mtandao hubeba baiti 1,500. Mitandao ya diski mara nyingi hupandishwa hadi 9,000 ili kupunguza kazi ya kufungasha na kufungua. Ni sawa, ilimradi kila kifaa njiani kimekubali. Mlango mmoja wa swichi ukisahauliwa kwenye 1,500, kinachofuata ni kichekesho. Ping inajibu. Diski inaonekana kwenye orodha. Unaifungua, unaona majina ya mafaili. Unapoanza kunakili faili kubwa, kila kitu kinaganda bila hata ujumbe wa kosa, kwa sababu vifurushi vidogo vinapita na vikubwa vinatupwa. Kipimo chake kinajulikana: tuma ping ya baiti 8,972 ukikataza isikatwe vipande. Baiti 20 za IP na 8 za ICMP hukamilisha 9,000. Isiporudi, kuna mahali hapajabadilishwa.

Na hapa ndipo kimya kinapowekewa saa.

Linux inapotumia iSCSI, huitumia diski salamu kila baada ya sekunde 5 na kusubiri jibu sekunde 5. Isipojibiwa hutangaza kwamba njia imekatika, kisha huanza kusubiri irudi: sekunde 120, isipoelekezwa vinginevyo. Muda huo ni wa busara au wa kipuuzi kutegemea kama kuna njia nyingine. Seva yenye kadi mbili, zinazopita swichi mbili tofauti, haina sababu ya kukaa dakika mbili kwenye njia mbovu wakati ya pili ni nzima. Hapo muda hupunguzwa kuwa sekunde chache. Seva yenye njia moja hufanya kinyume. Na kama mfumo endeshi wenyewe unakaa kwenye diski hiyo, maelezo ya programu ya iSCSI ya Linux yanashauri sekunde 86,400, yaani siku nzima. Kukata tamaa mapema hakuisaidii seva ambayo hata amri ya kuzimika inapaswa kuisoma kutoka diski hiyo hiyo.

Saa nyingine iko ndani ya mashine pepe, nayo husahauliwa. Linux huipa amri ya SCSI sekunde 30. Mtandao ukinyamaza zaidi ya hapo, mashine inaweza kuamua diski yake ni mbovu, na mfumo wa faili uliopangwa kujilinda utajigeuza kuwa wa kusoma tu. Mtandao ukirudi, mashine iko hai na ping inajibu, tovuti inafunguka na grafu zote ni za kijani, ila hakuna kinachohifadhiwa. Fomu za wateja zinapotelea hewani hadi mtu apige simu kulalamika. VMware, kwa sababu hiyo hiyo, huupandisha muda huu hadi sekunde 180 kwenye mashine zilizowekewa zana zake.

Kwa NFS swali huulizwa wazi zaidi. Diski ikipachikwa kwa chaguo la hard, ambalo ndilo la kawaida, mteja ataendelea kuomba milele. Programu zinazoitegemea huganda kiasi kwamba hata kuziua haiwezekani kirahisi, na kipimo cha mzigo wa seva hupanda hadi 60 au 80 huku kichakataji kikiwa hakina kazi. Fundi mgeni akiona hivyo hukimbilia kununua kichakataji. Ikipachikwa kwa soft, mteja huchoka baada ya majaribio kadhaa na kuiambia programu kwamba imeshindikana. Inasikika kama ustaarabu, lakini kwa diski ya mashine pepe ni hatari: andiko la katikati limepotea, na mashine imebaki na diski ambayo nusu ni ya leo na nusu ya jana. Kuganda kunaudhi, ila hakuharibu data.

Kuna udhaifu mwingine unaofanana na uongo. Hifadhidata inapomaliza muamala huamuru data ifike kwenye diski kweli, na haitoi risiti mpaka iambiwe tayari. Amri hiyo hutoka kwenye programu, hupita mfumo endeshi wa mashine pepe, haipavaiza, kadi ya mtandao, swichi, seva ya hifadhi na kidhibiti cha diski. Yeyote njiani anaweza kujibu "tayari" kabla ya wakati, data ikiwa bado kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Seva ya NFS ya Linux kwa miaka mingi ilijibu hivyo bila kuombwa: toleo 1.0.0 la zana zake ndilo la mwisho kuwa na async, yaani kujibu kabla data haijafika kwenye diski, kama mpangilio wa kawaida, na baada ya hapo ikawa sync. Hata leo ushauri wa kurudisha async hutolewa kwa moyo mkunjufu kila mtu anapolalamika kwamba diski ni nzito, na kasi huongezeka kweli. KVM, haipavaiza ya Linux, ina uungwana kidogo: mpangilio wake wa kache ulio mwepesi kuliko yote umepewa jina unsafe, hivyo anayeuchagua hawezi kusema hakuonywa.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo uliosikika mbali zaidi ulitokea Virginia, Marekani, tarehe 21 Aprili 2011. Amazon ilikuwa imeanza kukodisha diski za mtandao kwa mashine pepe Agosti 2008, kwa jina la EBS. Kila diski iliwekwa nakala kwenye zaidi ya seva moja ndani ya eneo moja. Seva iliyopoteza mawasiliano na mwenye nakala ya pili ilidhani mwenzake amekufa, ikatafuta haraka mahali pengine pa kunakili upya. Kwa ajali ya kawaida, seva moja au kabati moja, utaratibu huo ulifanya kazi vizuri.

Usiku ule, saa 9 na dakika 47 kwa saa za Virginia, wakati Nairobi na Dar ni saa 4 na dakika 47 asubuhi, mafundi walikuwa wakiongeza uwezo wa mtandao mkuu. Ilibidi msongamano uhamishiwe kwa muda kwenye kipanga njia kingine cha mtandao huo huo. Ukaelekezwa kimakosa kwenye mtandao wa pili, mdogo, ambao haukujengwa kwa mzigo huo. Seva nyingi za diski zikatengana na wenzake kwa mpigo. Hakuna diski iliyokuwa imeungua.

Kosa la njia lilirekebishwa, mtandao ukarudi, na hapo ndipo msiba ulipoanza. Kila seva iliyoamini kwamba mwenzake kafa ilianza kutafuta nafasi ya kunakili, zote kwa wakati mmoja. Nafasi ikaisha. Zilizokosa hazikupumzika, ziliendelea kuuliza na kuuliza, zikauelemea mtandao ambao tayari ulikuwa umechoka. Kama asilimia 13 ya diski za eneo hilo zikaganda, hazisomeki wala haziandikiki. Maombi ya kutengeneza diski mpya yakarundikana kwenye mfumo wa usimamizi uliokuwa ukihudumia hata maeneo mengine, nayo yakaanza kuyumba. Reddit, Quora na Foursquare zilikuwa miongoni mwa zilizoanguka au kulemaa.

Wahandisi walilazimika kuzizuia seva hizo zisitafute tena, kisha kuleta seva nyingine ili ipatikane nafasi, kwa sababu hawakuthubutu kufuta nakala yoyote iliyodhaniwa kuwa mbovu kabla ya kuhakikisha nzima ipo. Siku iliyofuata, mchana, zilibaki asilimia 2.2. Mwisho wa yote, asilimia 0.07 ya diski za eneo lile hazikurudi kabisa katika hali inayoaminika. Namba ni ndogo mpaka iwe diski yako. Katika maelezo marefu iliyoyatoa baadaye, Amazon iliahidi kuacha akiba kubwa zaidi ya nafasi, na kuzifundisha seva zake kuwa na subira: zikikosa nafasi zitulie, na zijaribu kwanza kuwarudia wenzake wa zamani badala ya kuhangaika kutafuta wapya.

Subira hiyo inaonekana kwa namba kwenye Ceph, mfumo huria wa hifadhi ulioanzia katika kazi ya Sage Weil, Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na ambao leo mtu anaweza kuuweka kwenye seva tatu za mtumba. Kila diski ya mashine pepe hukatwa vipande na kusambazwa, kwa kawaida nakala tatu tatu. Diski isipojibu wenzake kwa sekunde 20 huhesabiwa kuwa imeanguka. Lakini kunakili upya hakuanzi hapo. Mfumo husubiri sekunde 600, dakika kumi kamili, kabla ya kuitoa kwenye hesabu na kuanza kuhamisha data. Seva iliyozimwa ili kuongezewa kumbukumbu hupata muda wa kurudi, na anayejua kazi yake itachelewa huweka kwanza alama ya noout, ambayo huzuia uhamishaji mpaka atakapoiondoa.

Nani atamke kifo? Ceph huwaachia hilo waangalizi wake, ambao huwa watatu au watano, si wanne. Uamuzi ni wa walio wengi. Mtandao ukigawanyika, upande wenye wachache hunyamaza na kukataa kuandika, hata kama diski zake ni nzima, kwa kuwa hauwezi kujua kama wenzao wamekufa au wanafanya kazi upande wa pili. Makundi ya seva za haipavaiza hutumia ukali zaidi: kabla ya kuwasha mashine pepe ya seva iliyonyamaza, seva jirani huagiza mwenzake akatiwe umeme kwanza. Ni katili, lakini bila hivyo mashine moja inaweza kuwaka mahali pawili na zote mbili zikaiandika diski ile ile.

Mambo haya yote yanaweza kujaribiwa kwa mchana mmoja, kabla ya mashine ya kwanza ya kazi kuhamishwa. Mashine pepe moja huachwa ikiandika saa kwenye faili kila sekunde. Kisha kebo ya njia ya kwanza huchomolewa, na pengo lililobaki kwenye faili huonyesha mpangilio wa subira ulishika au haukushika. Hurudishwa, huchomolewa ya pili. Huzimwa swichi. Mwishowe huzimwa umeme wa kabati zima na kuwashwa upya, jambo ambalo shirika la umeme litalifanya lenyewe siku moja bila kuuliza.

Hilo la mwisho ndilo linaloangusha wengi, kwa sababu linategemea nani anaamka kwanza. Swichi zinahitaji dakika kadhaa, seva ya hifadhi zaidi, na seva za mashine pepe huwahi kuliko zote na kukuta hakuna diski. Kwenye /etc/fstab, mstari wa diski ya mtandao unahitaji neno _netdev, ili mfumo usijaribu kuipachika kabla mtandao haujapanda na kuishia kwenye skrini ya dharura inayosubiri nywila katika chumba kilichofungwa. Na seva ikishaamka salama lakini diski haionekani, wakati amri ya kuiunganisha kwa mkono inakubali mara moja, pa kuangalia kwanza ni mipangilio ya iSCSI: katika baadhi ya matoleo ya Linux mstari wa node.startup huja ukiwa umeandikwa manual, na unapaswa kusomeka automatic.